Mzingo wa Kiuno: Kipimo Rahisi cha Hatari ya Ugonjwa wa Moyo Kinachosahaulika

Mwananchi anapofika katika zahanati, au katika banda la upimaji wa afya wakati wa maonesho ya Sabasaba na Nanenane, jambo la kwanza analoelekezwa ni kupanda juu ya mizani. Baada ya hapo hupimwa urefu, kisha shinikizo la damu. Kipimo kimoja mara nyingi huachwa, ingawa hakihitaji umeme, betri wala maabara. Kipimo hicho ni mzingo wa kiuno, ambao huchukuliwa kwa futikamba kama ile iliyoning'inia shingoni mwa fundi cherehani. Katika kubashiri hatari ya ugonjwa wa moyo, futikamba imeonekana kueleza mambo ambayo mizani peke yake haiwezi kuyaeleza.

Suala hilo si dogo. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), magonjwa ya moyo na mishipa ya damu yalisababisha vifo vya watu wanaokadiriwa kufikia milioni 17.9 duniani mwaka 2019, sawa na asilimia 32 ya vifo vyote. Asilimia 85 ya vifo hivyo vilitokana na shambulio la moyo na kiharusi, na zaidi ya robo tatu vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hapa nchini, Utafiti wa Kitaifa wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2015/16 ulionesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo. Hiyo ni zaidi ya mwanamke mmoja katika kila wanne.

Kipimo kinachofahamika zaidi ni uwiano wa uzito na urefu, ambao wahudumu wa afya huuita kwa kifupi BMI. Uwiano huo hupatikana kwa kugawanya uzito wa mtu katika kilo kwa urefu wake katika mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu mwenye kilo 72 na urefu wa mita 1.70, kwa mfano, huzidisha 1.70 kwa 1.70 na kupata 2.89, kisha hugawanya 72 kwa 2.89 na kupata 24.9. Kwa viwango vya WHO, uwiano ulio chini ya 18.5 huhesabiwa kuwa uzito pungufu, 18.5 hadi 24.9 ni uzito wa kawaida, 25 hadi 29.9 ni uzito uliozidi, na kuanzia 30 ni kiribatumbo.

Asili ya kipimo hicho inasaidia kuelewa udhaifu wake. Aliyekibuni, katika miaka ya 1830, ni Adolphe Quetelet wa Ubelgiji, mwanahisabati na mnajimu aliyekuwa akitafuta maumbile ya mtu wa wastani. Hakuwa tabibu, na hakukusudia kubaini nani yu mgonjwa. Jina linalotumika leo lilikuja mwaka 1972, pale mtafiti wa Marekani, Ancel Keys, na wenzake walipolipendekeza baada ya kuchunguza wanaume zaidi ya 7,000 kutoka nchi tano. Wanawake hawakuwamo katika uchunguzi huo. Kipimo hicho kinafaa sana kulinganisha makundi makubwa ya watu, na ndiyo maana serikali na mashirika huendelea kukitumia katika tafiti za kitaifa. Kwa mtu mmoja mmoja, hata hivyo, hakitofautishi kilo za misuli na kilo za mafuta, wala hakisemi mafuta hayo yamekaa wapi mwilini. Mbeba mizigo wa bandarini mwenye misuli mikubwa anaweza kuhesabiwa kuwa ana uzito uliozidi, ilhali mzee ambaye misuli yake imepungua na tumbo limeongezeka anaweza kuambiwa kuwa uzito wake ni wa kawaida.

Mahali yalipo mafuta ndipo penye hoja kuu. Tabibu wa Ufaransa, Jean Vague, aliyefanya kazi katika mji wa Marseille, aliandika mwaka 1947 kwamba unene wa sehemu ya juu ya mwili, ambao huonekana zaidi kwa wanaume, huambatana na kisukari na magonjwa ya mishipa kuliko unene wa nyonga na mapaja. Ilichukua miongo kadhaa kabla ya hoja yake kukubaliwa na wengi, na sababu zake sasa zinaeleweka vizuri zaidi.

Mafuta ya mwili yamegawanyika katika makundi mawili makubwa. Yapo yanayokaa chini ya ngozi, yale yanayoweza kushikwa kwa vidole, na yapo yanayokaa ndani ya tumbo yakizunguka ini, utumbo na viungo vingine. Haya ya ndani ndiyo yenye madhara zaidi. Huachia asidi za mafuta ambazo hupelekwa moja kwa moja kwenye ini kupitia mshipa mkubwa wa damu unaotoka katika utumbo. Ini likizidiwa, huongeza mafuta katika damu, na mwili huanza kutoitikia ipasavyo homoni ya insulini, hivyo sukari hupanda. Mafuta hayo vilevile hutoa kemikali zinazochochea uvimbe wa muda mrefu ndani ya mishipa, na huchangia kupanda kwa shinikizo la damu. Lehemu mbaya ikijikusanya katika kuta za mishipa iliyokwisha kudhoofika, njia ya damu kuelekea kwenye moyo huwa nyembamba. Mafuta ya nyonga na mapaja, kwa upande wake, hufanya kazi kama ghala: huhifadhi ziada ya nishati bila kuimwaga ovyo katika damu.

Ushahidi mpana wa jambo hilo ulitolewa na utafiti wa INTERHEART, ulioongozwa na Profesa Salim Yusuf wa Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada. Sehemu ya utafiti huo iliyohusu unene ilichapishwa mwaka 2005 na kuhusisha watu 27,098 kutoka nchi 52, zikiwemo za Afrika kusini mwa Sahara. Watafiti walilinganisha watu waliopata shambulio la moyo na wasiolipata. Uwiano wa kiuno na nyonga ulibashiri shambulio hilo kwa nguvu kubwa kuliko uwiano wa uzito na urefu. Washiriki waliogawanywa katika mafungu matano walionesha kwamba fungu lenye uwiano mkubwa zaidi lilikuwa na uwezekano wa kupata shambulio zaidi ya mara mbili ya fungu la chini kabisa, baada ya kuzingatia umri, jinsi, eneo na uvutaji wa sigara. Kiuno kipana kiliongeza hatari. Nyonga pana ziliipunguza.

Matokeo hayo yanaweza kuelezwa kwa mfano wa watu wawili wa kufikirika. Mwanamume mwenye kilo 72 na urefu wa mita 1.70 aliyetajwa hapo juu ana uwiano wa 24.9, na kwenye kadi ataandikiwa kuwa yuko katika hali ya kawaida. Endapo kiuno chake ni sentimita 98 na nyonga zake ni sentimita 96, tumbo limezipita nyonga. Mwanamke mwenye kilo 74 na urefu wa mita 1.60 ana uwiano wa 28.9, na ataambiwa kuwa uzito wake umezidi. Lakini kama kiuno chake ni sentimita 79 na nyonga ni sentimita 112, sehemu kubwa ya uzito wake iko mahali pasipo na hatari kubwa kwa moyo. Mizani inamtia hofu mwanamke na kumpa mwanamume utulivu asiostahili. Ni huyo mwanamume anayerudi nyumbani bila ushauri wowote ndiye anayepaswa kuwasumbua watoa huduma.

WHO, katika ripoti ya wataalamu waliokutana Geneva mwezi Desemba 2008, ilitaja viwango vinavyotumika kwa upana. Kwa wanaume, mzingo wa kiuno unaozidi sentimita 94 huashiria hatari iliyoongezeka, na unaozidi sentimita 102 huashiria hatari iliyoongezeka kwa kiasi kikubwa. Kwa wanawake viwango hivyo ni sentimita 80 na sentimita 88. Wanaotumia inchi wanaweza kukumbuka takriban 37 na 40 kwa wanaume, na 31 na nusu hadi karibu 35 kwa wanawake. Uwiano wa kiuno na nyonga hupatikana kwa kugawanya cha kwanza kwa cha pili. Hatari huhesabiwa kuwa kubwa kuanzia 0.90 kwa mwanamume na 0.85 kwa mwanamke. Mwanamume wa mfano uliotangulia ana 1.02, na mwanamke ana 0.71.

Hapa pana jambo ambalo wananchi wa ukanda huu wanapaswa kulifahamu. Viwango hivyo vya sentimita vilitokana kwa sehemu kubwa na tafiti za watu wa Ulaya. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilipoweka vigezo vyake katika miaka ya 2000, lilipendekeza kiwango cha sentimita 90 kwa wanaume wenye asili ya Asia Kusini, lakini kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara lilielekeza vitumike vya Ulaya hadi takwimu zao zipatikane. Takwimu hizo zimeanza kupatikana. Uchambuzi uliounganisha tafiti 17 kutoka nchi nane za Afrika kusini mwa Sahara, wenye washiriki 24,181, ulibaini kwamba kiwango kinachobainisha vizuri zaidi watu wenye viashiria vya hatari ni takriban sentimita 81 kwa wanawake na vilevile takriban sentimita 81 kwa wanaume. Kwa wanawake tofauti na kiwango kilichozoeleka ni ndogo. Kwa wanaume ni pengo la sentimita 13. Maana yake ni kwamba mwanamume Mwafrika mwenye kiuno cha sentimita 88, ambaye kwa kigezo cha Ulaya hana tatizo, anaweza kuwa tayari na sukari au mafuta yaliyopanda katika damu. Uchambuzi mmoja hautoshi kubadili miongozo, lakini unatosha kumfanya mwanamume wa aina hiyo apime shinikizo la damu na sukari badala ya kujihesabu kuwa salama.

Kwa mtu asiyependa kukariri namba nyingi, kuna kanuni nyepesi zaidi: kiuno kisifikie nusu ya urefu. Taasisi ya taifa ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba iliijumuisha kanuni hiyo katika mwongozo wake mwaka 2022, ikieleza kuwa uwiano wa kiuno na urefu wa 0.4 hadi 0.49 ni wa afya, 0.5 hadi 0.59 unaongeza hatari, na 0.6 na kuendelea ni hatari kubwa. Kanuni hiyo hutumika kwa wanaume na wanawake wa rangi zote. Haihitaji hata futikamba yenye namba. Kamba iliyokatwa kwa urefu wa mtu, ikakunjwa katikati, inapaswa kuzunguka kiuno na ncha zake kukutana. Zisipokutana, jibu limepatikana.

Usahihi wa kipimo unategemea namna kinavyochukuliwa, na makosa ni mengi. Kiuno kinachopimwa si pale mkanda wa suruali unapokaa. Wanaume wengi wenye vitambi hufunga mkanda chini ya tumbo, na saizi ya suruali yao hubaki ileile kwa miaka kumi huku tumbo likikua juu yake. Mahali sahihi ni katikati ya ukingo wa chini wa ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga. Mpimwaji husimama wima, miguu pamoja, mikono ikiwa imelegea pembeni, na kipimo husomwa mwishoni mwa kutoa pumzi ya kawaida bila kuvuta tumbo ndani. Futikamba iwe sambamba na sakafu pande zote, iguse ngozi bila kuibana, na isiwe ile iliyochakaa hadi ikawa inavutika. Khanga, kitenge au kibwebwe kilichofungwa kiunoni hakina budi kufunguliwa, kwa kuwa fundo moja linaweza kuongeza sentimita kadhaa. Kwa sababu hiyo ni muhimu vituo kuwa na sehemu yenye faragha, na ikiwezekana mwanamke apimwe na mwanamke. Nyonga hupimwa mahali makalio yalipo mapana zaidi. Wajawazito hawapimwi mzingo wa kiuno kwa madhumuni haya.

Yapo pia vipimo ambavyo mtu hawezi kuvibadili. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2015, ukiongozwa na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Leicester nchini Uingereza, ulionesha kuwa kila upungufu wa sentimita 6.5 za urefu unaotokana na vinasaba uliambatana na ongezeko la asilimia 13.5 la hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo. Mapema zaidi, mwaka 1989, David Barker na wenzake walifuatilia kumbukumbu za wanaume 5,654 waliozaliwa kati ya mwaka 1911 na 1930 katika eneo la Hertfordshire, Uingereza, na kubaini kwamba waliokuwa na uzito mdogo zaidi walipozaliwa na walipotimiza mwaka mmoja ndio waliokufa zaidi kwa ugonjwa wa moyo. Mtu mfupi hana sababu ya kuhuzunika, kwani ongezeko hilo ni dogo likilinganishwa na la sigara au shinikizo la damu. Lakini utafiti wa Barker unaipa maana nyingine kadi ya kliniki ya mtoto, ambayo kaya nyingi huitupa mara chanjo zinapokamilika.

Pamoja na manufaa yote hayo, futikamba haitoi majibu ya ugonjwa. Mwaka 2011 ulichapishwa uchambuzi mkubwa wa makundi 58 ya utafiti yenye watu 221,934 katika nchi 17. Ulionesha kwamba pale ambapo shinikizo la damu, hali ya kisukari na mafuta ya damu yamekwisha kupimwa, kuongeza uzito, kiuno au uwiano wa kiuno na nyonga hakuboreshi sana ubashiri. Hilo halipingani na matokeo yaliyotangulia. Kiuno kipana huleta madhara kwa kupitia shinikizo, sukari na lehemu. Mwenye majibu ya vipimo hivyo anakuwa ameyaona madhara yenyewe. Tatizo ni kwamba wananchi wengi hawana majibu hayo, na shinikizo la juu la damu kwa kawaida halina dalili.

WHO ilizingatia hali hiyo ilipotoa chati mpya za kukadiria hatari mwaka 2019, zilizoandaliwa kwa kanda 21 za dunia. Chati hizo hukadiria uwezekano wa mtu mwenye umri wa miaka 40 hadi 74 kupata shambulio la moyo au kiharusi ndani ya miaka kumi. Kuna aina mbili. Moja hutumia umri, jinsi, uvutaji wa sigara, shinikizo la damu, kisukari na lehemu. Nyingine imetengenezwa kwa ajili ya mahali pasipo na maabara, na ndani yake lehemu na kisukari vimeachwa na nafasi yake kuchukuliwa na uwiano wa uzito na urefu. Mganga wa zahanati ya kijijini mwenye mizani, kipimo cha urefu na mashine ya presha anaweza kuitumia chati hiyo palepale.

Mashine hiyo ya presha nayo inategemea kipimo cha mwili, yaani mzingo wa mkono. Mkanda unaofungwa mkononi ukiwa mdogo kuliko mkono, hutoa namba kubwa kuliko ukweli. Jaribio lililochapishwa nchini Marekani mwaka 2023 lilionesha kuwa watu waliohitaji mkanda mkubwa kabisa, walipopimwa kwa mkanda wa kawaida, namba yao ya juu ilizidishwa kwa wastani wa 19.5. Mtu mwenye 125 anaweza kuandikiwa 145 na kuanzishiwa dawa asizozihitaji. Mwananchi mwenye mkono mnene ana haki ya kuuliza kama mkanda anaofungwa unamfaa.

Aliyegundua kuwa kiuno chake kimezidi anashauriwa kufika kituo cha afya kupima shinikizo la damu, sukari na, panapowezekana, mafuta ya damu. Shinikizo la 140 kwa 90 au zaidi linalorudiwa katika vipimo vya siku tofauti linahitaji ufuatiliaji wa mtaalamu. Kuhusu mwenendo wa maisha, WHO inapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na chumvi isiyofikia gramu tano kwa siku, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Jambo la kutia moyo ni kwamba mafuta ya ndani ya tumbo hupungua kwa mazoezi hata pale uzito unapobaki vilevile. Anayetembea kwa miguu kila siku kwa miezi mitatu na kuona mizani haijasogea anaweza kukata tamaa bila sababu, ilhali futikamba ingemwonesha mabadiliko.

Kikwazo kikubwa zaidi pengine hakimo katika vipimo. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, kitambi kimehesabiwa kuwa alama ya mafanikio, na mke aliyenenepa baada ya ndoa huonekana kuwa ametunzwa vizuri. Miaka ya janga la Ukimwi iliongeza uzito wa mtazamo huo, kwa kuwa kukonda kulihusishwa na maradhi na kunyanyapaliwa. Mtu anayepunguza kiuno kwa makusudi bado huulizwa na majirani kama anaumwa. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao huingia majumbani na wanafahamika kwa majina, wana nafasi nzuri ya kuizungumzia hali hiyo kuliko bango lolote.

Vipimo vyote vilivyoelezwa vinahusu ugonjwa wa mishipa ya moyo unaotokana na mafuta, sukari na shinikizo. Havihusu magonjwa mengine ya moyo yanayoonekana sana katika ukanda huu. Homa ya baridi yabisi, inayoanza kwa maambukizi ya koo yasiyotibiwa, huharibu vali za moyo za watoto na vijana wembamba. Udhaifu wa misuli ya moyo unaowapata baadhi ya wanawake mwishoni mwa ujauzito au miezi michache baada ya kujifungua hauna uhusiano na nusu ya urefu. Kupumua kwa shida wakati wa kulala chali, kuvimba miguu, au maumivu ya kifua yanayobana na kusambaa hadi mkono wa kushoto, shingo au taya ni dalili za kuwahi hospitali mara moja, mzingo wa kiuno uwe wowote ule.